Kuomba Likizo ya Upasuaji: Mwongozo Kamili kwa Mwajiriwa wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mtu akiambiwa atafanyiwa upasuaji, swali la kwanza analomuuliza daktari ni lini. Akishapewa tarehe anaenda kazini kuomba siku mbili tatu, na matatizo yanaanzia hapo. Siku ya kisu ni moja tu. Siku za kupona ndizo zinazokula mshahara, likizo na subira ya bosi, kwa hiyo hizo ndizo za kuhesabiwa kwanza, kabla ya tarehe na kabla ya barua.

Mwongozo huu ni wa mwajiriwa ambaye upasuaji wake unaweza kupangwa: henia, mtoto wa jicho, uvimbe kwenye kizazi, bawasiri, goita, kutoa vyuma vya mguu uliovunjika mwaka juzi. Awe anauza duka Kisumu, anakata maua Naivasha, anafundisha shule ya kibinafsi Kakamega au analea watoto wa mtu Milimani, hatua ni zile zile. Aliyekimbizwa hospitalini usiku kwa apendiksi nitamfikia baadaye, maana njia yake ni fupi zaidi.

Mwambie daktari unafanya kazi gani

Kliniki ya upasuaji huwa na foleni ndefu. Daktari akikuona kwa dakika chache, usipomwambia kazi yako, atakuandikia mapumziko ya kawaida, pengine wiki mbili, kisha amwite wa nyuma yako. Wiki mbili zinamtosha karani. Hazimtoshi anayeshusha mahindi kwenye lori.

Chukua henia. Upasuaji ni ule ule, mshono ni ule ule, lakini mwenye kazi ya mezani anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili, ilhali anayeinua mizigo huambiwa akae wiki 4 hadi 6 kabla ya kugusa kitu kizito. Gunia la mahindi ni kilo 90. Ukiliinua katika wiki ya tatu kwa sababu karatasi ilisema wiki mbili, henia inaweza kurudi, na safari hii utakuwa umeshamaliza siku zako zote za ugonjwa.

Basi mwambie hivi, bila kupamba: "Daktari, mimi nafanya stoo ya nafaka. Nabeba magunia ya kilo 90 kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi." Mlinzi wa usiku aseme anasimama kwa muda wa saa 12. Fundi wa kuchomelea aliye na mtoto wa jicho aseme kuhusu moto na vumbi, kwa sababu mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida hulala kwake siku hiyo hiyo, akajiona mzima, ilhali anatakiwa kuweka dawa ya matone kwa takriban mwezi mzima na kulikinga jicho na vumbi. Mama aliyetolewa uvimbe kwenye kizazi kwa kupasuliwa tumbo huhitaji wiki 4 hadi 6. Akifanyiwa kwa matundu madogo na kamera, muda hupungua.

Kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari, uwe na majibu ya haya: nitalazwa siku ngapi, nitarudi kazi nyepesi lini, nitarudi kazi yangu kamili lini, na nitatakiwa kliniki mara ngapi kabla na baada.

Hilo la kliniki za kabla watu hulisahau kabisa. Kuna siku ya vipimo vya damu, siku ya picha, siku ya kuonana na daktari wa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi. Mtu anayesafiri kutoka Siaya au Busia hadi Jaramogi, ile hospitali ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, anapoteza siku nzima kwa kila safari. Mwombe nesi wa kliniki akupangie vipimo na daktari wa nusukaputi siku moja ikiwezekana. Kila ukienda, omba karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba siku hiyo ulikuwa hospitalini. Siku hizo kisheria si siku za kushindwa kufanya kazi, kwa hiyo utahitaji ruhusa ya kawaida au siku ya likizo yako ya mwaka, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako.

Karatasi ya daktari iandikwe nini

Jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, sahihi ya daktari na jina lake linalosomeka, na muhuri wa hospitali. Kama kuna kipindi cha kazi nyepesi, kiandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo na tarehe zake.

Jina la ugonjwa si lazima liwepo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka cheti kinachosema huwezi kufanya kazi, kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu au mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Bawasiri yako si habari ya kantini. Ukimwomba daktari aandike tu "atafanyiwa upasuaji na hataweza kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani", wengi wanaelewa haraka. Kampuni zenye zahanati zao, hasa mashamba ya chai na viwanda vya sukari, huweza kutaka daktari wao aiangalie karatasi ya nje, basi wapelekee mapema.

Na karatasi za kununua mjini achana nazo. Mwajiri hupiga simu hospitali kuuliza, na kosa la karatasi ya bandia ni zito kuliko kosa la kukosa kazini.

Siku unazostahili

Hapa watu wengi wana habari nusu, pamoja na baadhi ya maafisa wa wafanyakazi, kwa hiyo soma polepole.

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba baada ya kumfanyia mwajiri kazi miezi 2 mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili: uwe na cheti cha daktari, na umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo pamoja na sababu.

Hiyo ndiyo sakafu. Mwajiri hawezi kushuka chini yake, lakini mkataba wako unaweza kukupa zaidi. Kifungu cha 10 kinataka maelezo ya kazi yako yaliyoandikwa yaonyeshe pia masharti ya kuugua na malipo yake, kwa hiyo utoe mkataba kwenye bahasha uusome. Kama mna chama, tafuta mkataba wa pamoja, ule CBA, kwa mwakilishi wenu. Wafanyakazi wa mashamba ya maua wengi wako chini ya mikataba ya namna hiyo. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) wana kanuni zao.

Kuna Agizo la Jumla la Mishahara ambalo wengi hawalijui kabisa. Kwa wafanyakazi walio chini yake, linatoa hadi siku 30 kwa mshahara kamili na hadi siku 15 kwa nusu mshahara katika miezi 12, nalo pia baada ya miezi 2 ya kazi. Kabla ya kukubali zile 7 na 7, pita ofisi ya leba (ofisi ya kazi) ya kaunti uulize kama kazi yako iko chini ya agizo hili. Ni swali la dakika 5 linaloweza kukupa wiki 4.

Likizo ya mwaka ni kitu kingine. Kifungu cha 28 kinakupa siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili baada ya kila miezi 12. Angalia maneno: huko imeandikwa siku za kazi, lakini kwenye likizo ya ugonjwa imeandikwa siku tu. Kwa hiyo mwajiri anaweza kuhesabu Jumapili ndani ya zile 7 za ugonjwa, lakini hawezi kuihesabu kwenye zile 21 kama Jumapili hamfanyi kazi. Na likizo moja haili nyingine. Mkubwa akikuambia "hapa ukiugua tunakata likizo yako ya mwaka", hiyo ni desturi ya ofisi yake, haimo kwenye sheria.

Kibarua naye asijitoe. Ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au kazi ambayo haiwezi kwisha kwa chini ya miezi 3, kifungu cha 37 kinakugeuza kuwa mwajiriwa wa mwezi. Ukiendelea hivyo miezi 2 au zaidi tangu ulipoanza, unapata masharti yale yale ya sheria, likizo ya ugonjwa ikiwemo. Ushahidi wako ni jumbe za M-Pesa za malipo, kadi ya getini, daftari la mahudhurio. Hifadhi picha zake kwenye simu. Msaidizi wa nyumbani pia ni mwajiriwa, hata kama aliajiriwa kwa mdomo jikoni.

Kama henia au jeraha limetokana na kazi yenyewe, usiingie kwenye mlango wa likizo ya ugonjwa. Hiyo ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007. Ripoti mara moja, iandikwe.

Hesabu yenyewe

Tuseme wewe ndiye wa stoo ya nafaka, mshahara ni shilingi 18,000, mnafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na daktari amesema wiki 6, yaani siku 42. Upasuaji ni Jumatatu, 8 Juni 2026. Umeshamaliza mwaka kazini na hujagusa likizo yako.

Kwa sakafu ya sheria, 8 hadi 14 Juni ni mshahara kamili. 15 hadi 21 Juni ni nusu mshahara. Kutoka 22 Juni unaingia likizo ya mwaka, na siku 21 za kazi zinakufikisha Jumatano, 15 Julai. Zinabaki siku 4 hadi Jumapili, 19 Julai, hizo omba likizo bila malipo. Ukigawa 18,000 kwa 30 unapata 600 kwa siku. Nusu mshahara ya siku 7 imekukata 2,100, na siku 4 zisizolipwa 2,400. Jumla umepoteza 4,500 kwa wiki 6 za kupona. Si haba.

Kama uko chini ya lile agizo la mishahara: siku 30 kamili, siku 12 kwa nusu. Umepoteza 3,600, na likizo yako ya mwaka iko palepale ya Desemba.

Sasa ondoa yale uliyokwisha kutumia. Kama ulilala na malaria siku 4 mwezi wa Aprili ukaleta karatasi, zile 7 zimebaki 3, mpaka mwaka wako wa kazi ugeuke. Uliza mwaka huo unahesabiwa kutoka lini: kawaida ni tarehe uliyoajiriwa, lakini mwajiri anaruhusiwa kuwaweka wote kwenye tarehe moja. Upasuaji usio na haraka unaweza kusogezwa wiki chache ukaangukia mwaka mpya wenye siku zote. Mwulize daktari kwanza kama unaweza kusubiri.

Kwa mwenye mkopo wa SACCO, kuna jambo la kuangalia. Sheria hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwezi wa nusu mshahara, makato yale yale ya kila siku yanaweza kuvuka mpaka huo. Pita SACCO kabla ya kulazwa uwaombe wakupunguzie mwezi huo, badala ya kuamka wodini ukute akaunti ni tupu.

Kuchagua tarehe

Hospitali ikikupa nafasi ya kuchagua, tumia akili ya kazi yenu. Shamba la maua halina utani kuelekea 14 Februari. Kuomba wiki 6 kuanzia katikati ya Januari ni kutafuta maneno. Mwalimu wa shule ya kibinafsi aangalie Aprili, Agosti na Desemba. Duka la pembejeo Kitale au Bungoma lina msongamano wakati wa kupanda. Mwajiri hana haki ya kukuchagulia siku ya kuugua, ila ukimwonyesha umefikiria kazi yake, naye atafikiria tumbo lako.

Usithibitishe tarehe hospitalini kabla ya kuzungumza kazini, wala usiombe kazini kabla hospitali haijakutajia tarehe. Mpangilio unaofaa ni huu: hospitali inakupa tarehe ya kupendekezwa, unaenda kazini na karatasi, unarudi au unapiga simu kuthibitisha. Wiki 3 au 4 kabla ni muda mzuri.

Kumwambia bosi, kisha kuandika

Anza kwa mdomo, kwa msimamizi wako wa karibu. Akisikia habari zako kutoka kwa ofisi ya wafanyakazi kabla hajazisikia kwako, atakasirika, na ana haki. "Bosi, naomba dakika mbili. Nimepangiwa upasuaji tarehe nane mwezi wa sita. Si dharura, ndiyo maana nimekuja mapema. Daktari amenipa wiki sita kwa sababu ya mizigo. Nataka tupange nani atashika stoo." Akiuliza unaumwa nini na hutaki kusema, jibu la heshima lipo: "Ni jambo la upasuaji, daktari ameandika, si la kuambukiza." Msaidizi wa nyumbani atasema kwa lugha yake, "Mama Ivy, nilikuwa naomba tuongee watoto wakilala," lakini karatasi ni ile ile.

Baada ya maongezi, andika siku hiyo hiyo. Kiswahili kinatosha, ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa katiba.

*Kwa Meneja,*

*KUH: OMBI LA LIKIZO YA UGONJWA, 8 JUNI HADI 19 JULAI 2026*

*Kama nilivyomweleza msimamizi wangu leo, nimepangiwa upasuaji tarehe 8 Juni 2026. Daktari ameelekeza nisifanye kazi kwa wiki 6. Nimeambatisha cheti chake.*

*Naomba siku hizo zipangwe hivi: likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili 8 hadi 14 Juni, likizo ya ugonjwa kwa nusu mshahara 15 hadi 21 Juni, likizo ya mwaka 22 Juni hadi 15 Julai, likizo bila malipo 16 hadi 19 Julai. Natarajia kurudi kazini Jumatatu, 20 Julai.*

*Nimeshamwonyesha mwenzangu daftari la stoo na funguo. Nikiwa sipatikani, ndugu yangu atapokea simu kwa namba iliyo hapa chini.*

*Naomba jibu la maandishi kabla ya 22 Mei ili nithibitishe hospitalini.*

Peleka nakala 2. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakupigia muhuri wa kupokea na kuandika tarehe. Kama ofisi haina muhuri, piga picha barua na uitume kwa WhatsApp ya meneja, na kwa barua pepe kama ipo, uandike "nimewasilisha leo". Jibu la mdomo la "sawa, nenda upone" lijibu kwa ujumbe: "Asante bosi kwa kunikubalia likizo ya 8 Juni hadi 19 Julai." Ujumbe huo ni mfupi lakini una uzito mbele ya afisa wa leba.

Neno moja kuhusu kuandika kiasi gani. Barua ya kurasa mbili yenye historia ya maumivu tangu darasa la saba haisaidii. Meneja anatafuta vitu vitatu: tarehe, cheti, na nani atafanya kazi yako.

SHA na bili

Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali si NHIF tena, ni SHA. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na hayapungui shilingi 300 kwa mwezi. Kuonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba yalifika. Piga *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu uangalie kama bima yako iko hai, wiki kadhaa kabla. Ukikuta mwajiri hajapeleka, una muda wa kumsukuma. Ukigundua ukiwa kwenye dawati la kulazwa, huna.

Upasuaji wa kupangwa huhitaji idhini ya SHA kabla. Uliza hospitali nani anaomba idhini hiyo, imeshatoka au la, inalipa kiasi gani na wewe utaongeza ngapi. Waandike hiyo nyongeza kwenye karatasi. Hakikisha laini ya simu iliyosajiliwa na SHA ni ile unayotembea nayo, na jina linafanana na la kitambulisho. Kama una bima ya kampuni pia, pata idhini yake nayo. Na ukienda likizo bila malipo kwa mwezi mzima, uliza nani atalipa SHA mwezi huo, maana pasipo mshahara hapana makato.

Hospitali inaweza kuomba ndugu watoe damu kabla ya upasuaji mkubwa. Nakuru, Kisumu na Eldoret zina vituo vya kanda vya damu, kwa hiyo wenzako wa kazini wanaotaka kukusaidia wana mahali pa kwenda.

Siku yenyewe

Fuata maagizo ya kufunga. Wengi huambiwa wasile tangu usiku wa manane. Chai ya maziwa ya alfajiri inatosha kuahirisha upasuaji. Dawa za presha, sukari au za kupunguza damu kuganda usiziache wala kuzimeza kwa akili yako, uliza. Beba kitambulisho, barua, vipimo na chaja. Uwe na mtu mzima wa kukuchukua, kwa sababu baada ya nusukaputi hutakiwi kuendesha gari wala pikipiki kwa saa 24.

Kurudi nyumbani, bodaboda achana nayo. Matatu ya kutoka Nakuru kwenda Busia, lipia kiti cha mbele na uombe kusimama njiani unyooshe miguu, kwa kuwa kukaa saa nyingi baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni. Homa, usaha, damu isiyokatika, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla: hayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Tarehe ikisukumwa

Hutokea sana. Presha imepanda asubuhi, ajali imeingia usiku ikachukua chumba cha upasuaji, mgomo, vifaa vimeisha. Ukirudishwa nyumbani, usikae kimya ukingoja tarehe mpya huku siku za ugonjwa zinahesabiwa. Mtumie meneja ujumbe siku hiyo hiyo, na karatasi ya hospitali inayosema umeahirishwa, uombe siku ambazo hazijatumika zirudishwe. Kisha rudi kazini kesho yake kama una nguvu. Wengine hukaa nyumbani wiki nzima kwa kudhani likizo tayari imetoka, halafu upasuaji ukifika hawana siku.

Kama ilikuwa dharura

Sheria inasema umjulishe mwajiri, au mtu amjulishe kwa niaba yako. Shemeji anaweza kutuma: "Habari bosi, mimi ni shemeji yake fulani wa stoo. Amelazwa usiku huu, anaingia upasuaji. Karatasi ya hospitali tutaituma kesho." Inatosha. Kinachoangusha watu ni siku 3 za kimya. Kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kunaweza kuhesabiwa kosa kubwa la kufukuzwa bila notisi, na ujumbe ule mmoja ndio unaokuondoa huko.

Na kama mgonjwa ni mtoto wako, Sheria ya Ajira haina likizo maalum ya kuuguza. Tumia ya mwaka, au omba ruhusa.

Kupona na kurudi

Ukiona siku zinaisha na kidonda hakijapona, nenda kliniki kabla ya siku ya mwisho upate cheti cha kuongeza, na ukitume kabla, si baada. Cheti chenye tarehe ya nyuma huleta maswali hata kama ni cha kweli. Ukiwa likizo ya ugonjwa, usionekane soko la Kibuye, Kisumu, ukiuza viatu. Ukionekana, karatasi ya daktari haitakusaidia sana.

Siku ya kurudi, fika na cheti cha kuwa sawa kurudi kazini. Kama ni kazi nyepesi kwanza, iwe imeandikwa kwa vitu vinavyoeleweka: "asiinue zaidi ya kilo 5 hadi tarehe fulani" ni bora kuliko "apewe kazi nyepesi", kwa maana kila msimamizi ana wepesi wake. Pendekeza wewe mwenyewe kazi: kuhesabu magunia yanayoingia, kuandika daftari, mizani. Halafu angalia mshahara wa mwezi huo mstari kwa mstari ukilinganisha na barua yako. Makosa huwa kwenye zile siku za nusu mshahara.

Wakikukatalia, au wakikufuta

Kwanza omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kukataa kwa mdomo hulegea kalamu ikiguswa. Mhusishe mwakilishi wa chama. Ikishindikana, nenda ofisi ya leba ya kaunti, ziko Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko, ukiwa na mkataba, barua iliyopigwa muhuri, cheti, hati za mshahara na picha za jumbe.

Siku za ugonjwa kuisha si ruhusa ya kukufukuza kwa simu. Kabla ya kumwondoa mtu kwa sababu ya kutoweza kufanya kazi kimwili, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Ukiitwa kwenye kikao hicho bado unauguza kidonda, omba kisogezwe, kwa maandishi, na uambatishe cheti.

Ukifukuzwa, malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Kisumu na Nakuru, inakupa miaka 3, na inaweza kuamuru fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Usingoje mpaka mshono upone ndipo uanze: mtume ndugu yako na barua leba, wakufungulie faili, wewe utaenda ukiweza kupanda matatu.